Nimeishi kituo cha zimamoto miezi 14 bila kulipa kodi, uzoefu wangu

Vijana wa nyumbani mliopo huku Marekani mnaniuliza sana eti ni kweli kuna nyumba ya bure ukijiunga na zimamoto. Ipo kweli. Ila kodi utailipa kwa usingizi, na mimi mpaka leo sijamaliza kuulipa huo usingizi.

Mimi ni mtoto wa Tanga, tulikuja Maryland na mama kwa bahati nasibu ya grini kadi, nikabeba boksi ghalani zamu za usiku miaka miwili huku nalipa dola 850 kwa chumba kisicho na dirisha. Jamaa wa kazini ndo akanambia kuna vituo vya zimamoto vya watu wa kujitolea, vinachukua vijana wenye nia ya kuja kuajiriwa, unahamia na mabegi yako, kitanda bure umeme bure maji bure, na wewe unawapa zamu. Nikajua utapeli huo. Kumbe kwa wenzetu ni kitu cha miaka mingi, Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alianzisha kikosi chao Philadelphia 1736, na mpaka leo karibu theluthi mbili ya wazimamoto wa Marekani ni wa kujitolea. Wenyewe wanaita live-in. Jina la kituo changu naliweka kapuni maana huko mbele nina malalamiko, ila ni upande wa Maryland, sio mbali na Washington DC.

Mama nilimpigia simu kumweleza. "Wanakulipa shilingi ngapi baba?" Hawanilipi mama. Kimya. "Kwa hiyo unaenda kuungua bure?" Nikamwambia napata kitanda na cheti. Akasema kitanda hata kwake kipo.

Kuingia sio kazi ngumu, usaili, kupimwa afya, wanaangalia kama una rekodi ya polisi, basi. Kilichoniuma ni ndevu. Barakoa ya mtungi wa hewa lazima ibane kwenye ngozi, ikipita nywele inavujisha na huko ndani ya moshi kuvuja ni kifo, kwa hiyo kila siku ya zamu ni wembe, hakuna cha sunna wala nini. Nilinyoa ndevu za miaka minne asubuhi moja na picha nikamtumia mama, akacheka mpaka simu ikakatika.

Sasa maisha ya pale. Zamu zangu zilikuwa usiku tatu kwa wiki na wikiendi moja kwa mwezi, siku nyingine upo huru unaenda kazini kwako au chuo, ila ukiwepo chumbani na kengele ikilia watu wanakuangalia kama unainuka. Tulikuwa sita, vitanda vya chuma, kabati moja moja. Wewe mgeni ndo unaamka kwanza, unafagia banda la magari, unasugua vyoo, unakagua mitungi ya hewa, unakula wa mwisho na unaosha vyombo wa kwanza, yani hata sahani hujamaliza ukimuona mzee kafika sinki kabla yako ujue umeshaharibu. Wengi wanashindwa hapo, sio kwenye moto. Mimi nililelewa kwenye nyumba ya wajomba saba, hayo ya kula mwisho hayakunisumbua. Kuna mmoja aliniita "Kenya" miezi miwili mizima, kila siku namwambia Tanzania, siku aliyoipatia ndo siku niliyomsaidia kuosha gari lake binafsi.

Halafu msitegemee moto kila siku. Kazi nyingi ni wagonjwa. Bibi kaanguka bafuni saa nane usiku, mzee kifua kinabana, kengele ya jengo imelia kwa sababu mtu kasahau mahindi kwenye maikrowevu. Kupika ndo sababu namba moja ya moto wa majumbani huko, hasa mpishi akisahau jiko, na kiukweli tangu nihamie pale siwezi tena kuacha sufuria jikoni nikaenda kuangalia mpira.

Moto wangu wa kwanza wa kweli ulikuja mwezi wangu wa tano pale, na sikuuona! Kazi yangu ilikuwa haidranti, lile bomba la maji ya zimamoto la pembeni ya barabara. Gari linasimama dakika moja, unashuka na mpira mkubwa, unauzungushia haidranti, gari linaondoka mpira ukijivuta nyuma yake, halafu wewe unabaki peke yako kwenye kona na spana, unaunganisha na unasubiri dereva akwambie fungua. Ukifungua mapema maji yanajaa kwenye mpira ambao bado uko juu ya gari na siku yako imeisha. Nimesimama pale kwenye baridi nasikia kwenye redio wenzangu wanaingia ndani, moyo unanidunda, mikono inatetemeka, nasubiri neno moja tu. Nikafungua kwa wakati. Kurudi kituoni hakuna aliyesema kitu, ila usiku ule mzee mmoja aliosha sahani yake mwenyewe, na ukikaa pale utajua hiyo ni nini.

Mafunzo ndo kitu kilichonifanya nisijute. Maryland wana taasisi ya mafunzo ya zimamoto na uokoaji chini ya chuo kikuu cha Maryland, makao yake College Park, na ukiwa mwanachama wa kituo cha kujitolea hulipi ada. Nimetoka na cheti cha zimamoto daraja la kwanza na la pili, kemikali hatari, na EMT, yani mhudumu wa dharura wa ambulansi, ambayo mtihani wake wa taifa unafanyia kwenye kompyuta, maswali kati ya 70 na 120, na mashine ndo inaamua ikukatie wapi. Mimi ilinikatia mapema nikajua nimefeli, nikalia kwenye parking, kesho yake naambiwa nimefaulu.

Malalamiko yangu sasa. Kwenye usaili waliniambia darasa naanza ndani ya wiki chache, nimekaa karibu miezi minne nafagia tu na kupanda gari kama mtazamaji, kwa sababu mtu wa kupeleka majina alisahau jina langu, mara mbili! Ukiingia omba tarehe ya darasa kwa maandishi, na uliza bima yako ukiumia inalipa nini, usione aibu. Jingine, vyumba vyetu vilikuwa jirani na banda la magari na kuna wazee wanajivunia kofia nyeusi ya masizi kama nishani. Shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2022 liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mimi koti langu lilikuwa halivuki mlango wa chumba, wakanicheka, wakacheka sana tu.

Na pesa. Bila kazi ya pembeni utalala bure na njaa, chakula cha jioni tulikuwa tunachangishana na mchango hausubiri mshahara. Ramadhani walinishangaza, bila kuwaambia waliniwekea chakula kwenye foili, siku mbili nimefuturu ndani ya ambulansi kwa tende na maji kwa sababu kengele ililia na magharibi.

Kama lengo ni ajira jiandaeni na CPAT, ule mtihani wa nguvu za mwili wa kuajiriwa zimamoto, kabla hata hamjahamia. Ni majaribio nane mfululizo kwa dakika 10 na sekunde 20, umevaa kizibao cha ratili 50, na pale kwenye ngazi mwanzoni wanakuongezea 25 juu yake, dakika tatu hatua 60 kila dakika, karibu kilo 34 mgongoni. Mimi mara ya kwanza nilifia kwenye kuburuza sanamu la kilo 75. Mara ya pili nilibakiwa na sekunde 31. Ngazi za kituo ndo zilinisaidia, nilikuwa napanda na mpira begani usiku wenzangu wakiangalia tivii.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja iko kwa yule aliyesahau jina langu. Nimehama mwezi wa pili, kaunti ya jirani wamenichukua na akademi imeshaanza. Kitanda changu kapewa kijana mwingine, nimemwachia feni yangu, maana jirani yake anakoroma balaa na kuziba masikio hairuhusiwi, hutasikia kengele.