Binti anayesahihisha maandishi, Majengo

Mimi napika vyakula vya harusi. Kabla ya kuchapisha vipeperushi 200, nilimpa karatasi yangu binti wa jirani. Yuko kidato cha tatu na ameanza kazi ya kusahihisha maandishi, shilingi 50 kwa ukurasa. Alhamdulillahi! Nilikuwa nimeandika “chakula chenye dhamani”. Akalizungushia neno kalamu nyekundu, pembeni akaandika: thamani. Kisha akaniuliza, “Mama, hii biriani ni ya kuku au ya mbuzi? Hapa hujasema.” Hilo sikulitarajia kabisa, na ndilo wateja wangenipigia simu kuuliza kutwa. Siku za shule huwa hajibu mpaka usiku, akishamaliza masomo yake, kwa hivyo mpelekee mapema. Menyu ya Ramadhani nampa yeye.