TAHADHARI: Wauza "kadi tupu" za ATM wanauza plastiki tu

Wakuu, lile tangazo limeanza kuzunguka tena kwenye WhatsApp, Telegram na Facebook, na maneno yake ni yaleyale: "Kadi tupu ya ATM, imeshatiwa programu, inatoa fedha mashine yoyote duniani, haiachi alama, kamera haikuoni." Chini yake kuna picha za mabunda ya noti na shuhuda za watu eti waliomaliza madeni yao ndani ya wiki moja. Msitume hata senti. Kadi ya namna hiyo haipo, na mwenye kadi inayochota bila kikomo ana shida gani na ada yako?

Wanachotegemea matapeli hawa ni kwamba wengi wetu tunadhani ATM ndiyo inayoamua nani apewe fedha. ATM ni tarishi tu. Salio lako halimo ndani yake. Ukibonyeza namba ya siri, inasimbwa (inageuzwa kuwa msimbo usiosomeka) palepale ndani ya kibao cha vitufe, kabla haijaifikia kompyuta ya mashine, na kibao chenyewe kimeundwa hivi kwamba mtu akijaribu kukifumua kinafuta funguo zake za siri. Ombi linasafiri mpaka benki iliyotoa kadi. Huko ndiko wanakotazama akaunti, salio, kikomo cha siku na kama kadi imezuiwa. Jibu likiwa hapana, mashine haivuti hata noti moja kutoka kwenye kaseti zake (visanduku vya noti), ambazo ziko chini ndani ya kasha la chuma. Sasa kadi "tupu" inaomba fedha za akaunti ya nani?

Chipu, kile kijisahani cha chuma kilicho usoni mwa kadi, nayo ina ulinzi wake. Ndani yake kuna ufunguo wa siri usiotoka nje, na kwa kila muamala chipu hutengeneza alama mpya ambayo benki iliyotoa kadi inaweza kuihakiki. Muuzaji wa Telegram hana ufunguo huo. Hata mashine ya kwanza ya benki ya Barclays, iliyozinduliwa Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967, haikuridhika na kile kilichotumbukizwa peke yake. Wateja wake walitumia hati ya karatasi yenye alama ya kaboni-14 (kaboni yenye mionzi hafifu), na bado mashine iliwadai namba ya siri. Yote hayo kwa pauni 10 tu.

Ukimbana muuzaji atakuletea kisa cha kweli nusu, na hapa ndipo wajanja wengi huingizwa mjini. Ni kweli kwamba mwaka 2010, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta huko Las Vegas, mtafiti Barnaby Jack aliifanya ATM itapike noti jukwaani watu wakitazama. Lakini alikuwa ameichunguza mashine kwa undani na kuingiza programu yake ndani yake kwanza. Ni kweli pia kwamba Mei 2013 waendesha mashtaka wa New York walitangaza kesi ya wizi wa dola milioni 45 hivi uliofanywa kwa kadi za kughushi. Shambulio la Februari mwaka huo pekee lilizoa kama dola milioni 40 kwa saa chache, katika nchi 24. Nguvu ya wizi ule haikuwa kwenye plastiki. Wadukuzi walikuwa wameingia kwenye mifumo ya kampuni zinazochakata miamala ya kadi na kuondoa kikomo kwenye akaunti chache za benki mbili, RAKBANK ya Falme za Kiarabu na Bank Muscat ya Oman. Kadi ilibeba tu namba za akaunti hizo kwenye utepe wa sumaku, ule mstari mweusi nyuma ya kadi. Na kuhusu ile "kamera haikuoni": kamera za ATM zilimnasa mmoja wa wezi waliokuwa wakichota fedha akitoka mashine hadi mashine, begi lake la mgongoni likizidi kujaa.

Utapeli wenyewe unakwenda kwa hatua. Kwanza unalipia kadi. Kisha inakuja "ada ya usafirishaji", halafu kadi "imekwama forodhani", halafu "ada ya kuiwasha". Katikati ya hapo wanakuomba picha ya kitambulisho, na wengine wanataka namba ya kadi yako halisi "ili waunganishe". Ukishtuka na kudai fedha zako, wanageuka: wanakutishia kukuripoti polisi kwa kununua kifaa cha wizi. Hapo wanapaweza sana, maana wanajua utaona aibu kumwambia mtu yeyote.

Wezi halisi wa ATM wanaitaka kadi uliyonayo mfukoni. Wanabandika kifuniko juu ya tundu la kadi ili kisome utepe wa sumaku, na kamera ndogo juu ya vitufe, au wanaweka vitufe bandia juu ya vile vya kweli. Wengine wanatega tundu kadi yako inase, halafu anatokea "msamaria" anayekushauri ubonyeze tena namba ya siri huku akiitazama. Vuta na utikise tundu la kadi kabla ya kuingiza, kinachocheza, usikitumie. Ziba vitufe kwa mkono mwingine hata kama uko peke yako, kwa sababu bila namba ya siri, data iliyonakiliwa haimfikishi mwizi mbali kwenye ATM. Kadi ikinasa, usiondoke pale kabla hujaizuia kwa simu.

Na tafadhali acheni kusambaza ule ujumbe kwamba ukibonyeza namba ya siri kinyumenyume ATM inaita polisi. Ni uongo wa siku nyingi. Mwenye namba 2332 angefanyaje?

Kama umeshatuma fedha kwa hawa wa kadi tupu, usiongeze nyingine hata wakisema imebaki hatua moja. Hifadhi mazungumzo na risiti zote kabla hawajakublock, ripoti kwa mtoa huduma uliyemtumia kutuma fedha na kwa polisi. Kama uliwapa namba ya kadi, piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, siyo ile watakayokutumia wao, ukaizuie leo. Baada ya hapo mtegemee mwingine inboksi, mpole, anayejitambulisha kama mtaalamu wa kurudisha fedha zilizotapeliwa, kwa ada ndogo ya kuanzia. Mara nyingi ni walewale, na jina lako wanalo tayari.