King'ora cha mkononi: kelele ipo, ila angalia unapita wapi

Boksi limeandikwa desibeli 130. Nilichomoa pini sebuleni, madirisha yakiwa yamefungwa, na jirani wa ghorofa ya juu akashuka kugonga mlango kuuliza kulikoni. Kwa hiyo kelele ipo, hilo sina ubishi nalo.

Nilikinunua kwa sababu natoka kazini usiku na kuhama mji huu sitaki hata kusikia. Naupenda hasa saa hizo, redio zikisikika madirishani na watu wa zamu wakisalimiana bila kujuana. Lakini tangu mwenzetu kazini apigwe kabari nyuma ya kituo cha basi na kuporwa simu, kila hatua inayosikika nyuma yangu naisikiliza kwa shingo iliyokakamaa.

Kifaa chenyewe ni kama kiberiti kwa ukubwa, kina kamba fupi yenye pini mwishoni. Ukichomoa pini kinalia mpaka uirudishe, na gizani kuirudisha si rahisi, jambo ambalo ni zuri kabisa: na mwizi naye hataweza. Mimi hukifunga kwenye mkoba, kamba naivaa mkononi. Akinyakua mkoba, pini inabaki kwangu, yeye anakimbia na mkoba unaopiga mayowe.

Sasa tuzungumzie hizo desibeli, maana wauzaji hapa huwa wajanja. Ukisoma maandishi madogo kwenye boksi la kwangu, kipimo kilichukuliwa sentimita 10 tu kutoka kwenye kifaa. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Piga hesabu: mita 100 mbele zimebaki kama 70, na hapo bado hujaweka ukuta, dirisha lililofungwa na televisheni inayoongea ndani. Aliyelala haamki. Aliye barabarani atasikia, na atageuka.

Ndiyo maana nasema kifaa hiki kinaita watu, na kama watu hawapo, kinamwita nani? Kwenye barabara yenye maduka yanayochelewa kufunga kina thamani. Kwenye kichochoro kati ya kuta mbili ndefu utakuwa umemshtua kibaka kwa sekunde chache, basi. Sekunde hizo zinatosha kukimbia kama una viatu vya kukimbilia. Mimi nimeacha njia ya mkato, nazunguka kwenye taa, na nadhani huo mzunguko unanilinda kuliko king'ora chenyewe.

Wapo watakaosema simu inatosha. Kweli, iPhone na Android nyingi za sasa ukizipanga vizuri zinapiga namba ya dharura kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tano. Tatizo ni kwamba simu ndiyo anayoitaka kibaka. Dawa ya pilipili nayo, ile ya kumpulizia mtu machoni, soma sheria za nchi uliyopo kabla hujaagiza. Uingereza kwa mfano kuwa nayo tu ni kosa, na upepo ukikugeukia ni juu yako.

Je, hofu imeisha? Wapi! Ila natembea nimeinua uso, natazama nani yuko mbele na nani kavuka barabara, badala ya kukaza macho chini na kuomba nifike. Sikutegemea kitu cha plastiki kifanye hivyo.

Kasoro kubwa iko kwenye betri. Kinatumia zile ndogo za saa, na hakuna taa ya kukuonyesha zimebaki kiasi gani, kwa hiyo lazima uwe unakijaribu mara kwa mara na kuwaudhi majirani. Mfuniko wake pia unafunguka kwa ukucha. Ukianguka chini, betri zinatawanyika. Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama mfuniko ungefungwa kwa skrubu.