TAHADHARI: "Tiba ya mwanga" ya macho makavu inayouzwa kwenye saluni inaunguza ngozi nyeusi

Ndugu zangu wa Dar na popote mlipo, kama wewe au mzazi wako mnasumbuliwa na macho makavu, yale ya kuwasha na kuchoma kama yana mchanga, kisha yanatiririka machozi ukipigwa na upepo, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna sehemu zinajiita "kliniki ya macho na urembo", zinatangaza mitandaoni ofa ya "kumaliza ukavu wa macho kwa mwanga wa IPL, teknolojia kutoka Marekani". Wanachofanya ni kukupiga mashine ya kuondolea nywele chini ya macho bila kukupima, halafu wanakukabidhi chupa ya dawa isiyo na jina. Mama yangu mdogo ameungua uso, na presha ya macho yake imepanda. Sitaki mwingine apitie hayo.

Jina la sehemu hiyo silitaji, kwa sababu malalamiko yetu yako kwenye mamlaka. Hata ningelitaja lisingewafaa sana, maana ukurasa wao umeshabadilishwa jina na matangazo yanaendelea kama kawaida. Ninachoweza kuwapa ni namna wanavyofanya kazi. Mkikutana nayo, mtaitambua.

Mama mdogo ni mwalimu mstaafu. Macho yalianza kumsumbua alipokoma hedhi, na vidonge vya aleji anavyomeza vikamzidishia. Aliwapigia simu kuulizia tu. Dada wa mapokezi akamwambia, "Mama yangu, ofa inaisha leo, nikuwekee nafasi?" Alipofika, kijana mwenye koti jeupe akamvuta kope ya chini kwa kidole, akampiga picha kwa simu, akaikuza, akamwonyesha vimishipa vyekundu. "Mama, hizi tezi zako zimeshaanza kufa. Ukizembea hapa, macho yanaondoka." Mishipa ile kila mtu anayo. Lakini mtu wa umri wake akiambiwa habari ya upofu na mtu aliyevaa koti jeupe, anaanza kutafuta hela. Laki tisa, pakeji ya vikao vinne, inalipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Risiti aliyopewa ni kikaratasi chenye muhuri wa duara, si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Utapeli huu unauzika kwa sababu umeegemea jambo la kweli. Ugonjwa wenyewe upo, na tiba zake za kufanyiwa hospitalini zipo. Machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, katikati kuna maji, na juu kabisa kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ndani ya kope, kama 25 hadi 40 kope ya juu na 20 hadi 30 ya chini. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Zikiziba, mafuta yanakuwa mazito kama samli iliyoganda, maji yanakauka upesi na jicho linabaki wazi. Hiyo ndiyo aina ya ukavu inayowapata wengi.

Kwa hiyo madaktari wametafuta njia za kuzizibua tezi hizo. Ipo LipiFlow, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011, inayoipasha kope joto kwa upande wa ndani hadi nyuzi 42.5 huku ikiikamua taratibu kwa dakika 12. Ipo IPL pia, mwanga mkali unaopigwa kwa mapigo. Ilianzia kwa wagonjwa wa ngozi: daktari wa macho wa Tennessee, Rolando Toyos, aliona kwamba waliotibiwa wekundu wa uso kwa mwanga huo, macho yao makavu nayo yalipata nafuu. Mwaka 2021 mamlaka ya Marekani, FDA, ikaidhinisha mashine moja ya aina hiyo, OptiLight, kwa ajili ya macho makavu.

Sasa hapa ndipo matangazo yao yananyamaza, na ndipo nataka msome mara mbili. Idhini hiyo ilitolewa kwa ngozi za ngazi ya kwanza hadi ya nne kwenye kipimo cha Fitzpatrick. Kipimo hicho kilianzishwa na daktari wa ngozi Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975, na leo kina ngazi sita, kuanzia ngozi nyeupe inayobabuka ikiona jua hadi ngozi nyeusi kabisa. Wengi wetu tuko ngazi ya tano na ya sita. Yaani "teknolojia ya Marekani" wanayojivunia, Marekani kwenyewe haikuidhinishwa kwa ngozi kama yetu.

Sababu si ubaguzi, ni fizikia. Mwanga ule unakusudiwa kunywewa na damu iliyo kwenye vimishipa vidogo vya ngozi, ugeuke joto. Lakini melanini, ile inayotupa weusi, nayo inaunywa mwanga huo huo. Ngozi ikiwa nyeusi, sehemu kubwa ya mwanga inaishia juu juu na kugeuka joto hapo hapo kabla ya kufika kwenye mishipa. Matokeo yake ni malengelenge, kisha madoa meusi au sehemu zilizopauka, na kuna mapauko yasiyorudi.

Mama mdogo alitoka kikao cha kwanza akisema panachoma. Wakamwambia ni kawaida, "dawa inafanya kazi", apake jeli ya alovera. Kesho yake tukaona chini ya kila jicho vibaka vya mstatili vimepangana kuelekea shavuni, vyote sawa kwa urefu na upana, pembe kali, kila kimoja ni alama ya kioo cha ile mashine kilipogusa. Aliyewahi kuona kuungua kwa IPL haulizi mara mbili. Vilitoa malengelenge, vikakauka, na sasa pamebaki rangi ya ngozi ya mtoto mchanga kwenye uso wa mama wa miaka sitini na kitu. Sokoni watu wanamuuliza kama anapaka mkorogo. Mwalimu aliyefundisha watoto wa mtaa mzima anajifunika mtandio mpaka chini ya macho.

Na kuungua si jambo baya kuliko yote. Wakati wa kupigwa mwanga walimfunika macho kwa pamba iliyoloweshwa maji. Pamba! Mwanga wa IPL unapita. Ukikifikia kiduara chenye rangi kinachozunguka mboni ndani ya jicho, nacho kina melanini, kinaunguzwa vile vile. Madaktari wameshaandika kuhusu wagonjwa waliopigwa IPL kwenye kope bila kinga ya maana: mboni zimepoteza umbo la duara, ndani ya jicho kuna uvimbe, na mwanga wa kawaida hauvumiliki. Kinga halali ni ngao zisizopitisha mwanga kabisa, zinazokaa barabara juu ya macho, na zile za kuingizwa chini ya kope pale anapotaka kupiga juu ya kope yenyewe. Na huyo anayepiga mwanga ukimkuta yeye amevaa miwani maalumu huku wewe umewekewa pamba, inuka hapo kitandani uondoke. Hela uliyolipa utaidai ukiwa na macho yako.

Baada ya kikao wakampa chupa ndogo ya matone. Lebo waliyobandika ina jina la kliniki yao na maneno "matone ya lishe ya macho, asubuhi na jioni". Macho yakawa meupe ndani ya siku chache, wekundu umekwisha, mwenyewe akafurahi akaanza kuwasifia kwa shoga zake. Mimi nilishtuka kwa sababu hakuna lishe inayong'arisha macho haraka hivyo. Nikaibandua lebo kwa kucha pole pole, chini yake nikakuta lebo ya kiwanda: deksamethasoni na antibayotiki. Hiyo ni steroidi. Steroidi ya matone ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, inatuliza uvimbe, na kwenye macho makavu huweza kuandikwa kwa muda mfupi mgonjwa akiwa anafuatiliwa. Ukiachiwa uitumie miezi bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho mpaka ikaua mshipa wa kuonea. Hiyo ndiyo glakoma, na kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo nafuu inayomfanya mteja alipie vikao vinavyofuata haitokani na mwanga kabisa, inatokana na chupa hiyo iliyofichwa jina. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata zile laki tisa.

Tulipompeleka kwa daktari bingwa wa macho, tofauti ilionekana kabla hata ya matibabu. Kwanza alimuuliza maswali: dawa anazomeza, sukari, maumivu ya viungo, kama mdomo nao unakauka, kwa sababu ukavu wa macho na mdomo kwa pamoja unaweza kuwa ugonjwa wa Sjögren, wa kinga ya mwili kushambulia tezi za mwili wenyewe, ambao hautibiwi kwa kope peke yake. Akamweka kwenye darubini ya macho. Akamdondoshea rangi ya njano na kuhesabu sekunde ngapi machozi yanadumu kabla ya kupasuka. Chini ya kumi si nzuri. Akamwekea kikaratasi chembamba kwenye kope ya chini kwa dakika tano aone kinalowa kiasi gani, kipimo cha Schirmer. Zaidi ya milimita 10 ni salama, chini ya 5 ni ukavu mkali. Akapima presha ya macho. Vipimo hivi si vya ajabu wala havihitaji mashine ya mamilioni. Kikaratasi ni kikaratasi. Mtu anayekuuzia tiba ya laki tisa bila hata kikaratasi hicho, hajui macho yako yana nini, na hana haja ya kujua.

Tiba aliyoanzishiwa ni ya kawaida kabisa: kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika juu ya kope zilizofumbwa, kukanda kope, machozi bandia yasiyo na kemikali ya kuhifadhi kwa sababu anayatumia zaidi ya mara nne kwa siku, na kubadilishiwa vidonge vya aleji. Daktari alimwambia pia kuhusu vizibo vidogo vya kuziba matundu ya kutolea machozi kwenye pembe ya jicho, vya silikoni, vinavyowekwa pale pale kliniki. Lakini akasema vinasubiri mpaka uvimbe wa kope utulie, maana ukiziba mapema unayafungia machozi machafu juu ya jicho. Daktari anayekwambia "hiki bado" ni wa kumsikiliza.

Mkiwa na mtu anayetaka kwenda kwenye hizo ofa, mwambieni aulize mambo machache tu na asikilize majibu. Nani atanipiga huo mwanga, na amesajiliwa wapi? Mashine inaitwaje, na imesajiliwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa ajili ya macho au kwa ajili ya nywele? Ngozi yangu iko ngazi ya ngapi? (Asiyejua hata swali hili linahusu nini, asikuguse.) Macho yangu mtayakinga na nini? Wakisema wana LipiFlow, vile vikombe vinavyoingia kwenye kope ni vya mtu mmoja mara moja, omba pakiti ifunguliwe mbele yako. Na dawa yoyote, iondoke kwao ikiwa kwenye boksi lake, na jina lake linasomeka.

Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya zina idara za macho, na CCBRT pale Msasani inajulikana kwa macho miaka mingi. Foleni zipo, najua, na si kila tiba ya kisasa utaikuta huko, lakini utapimwa.

Kama mmeshapigwa, msifute kitu. Hifadhini ujumbe wa malipo, picha za tangazo kabla hawajalitoa, picha za ngozi zenye tarehe, na hiyo chupa na lebo zake zote mbili. Dawa na mashine ni kazi ya TMDA. Mtu anayejiita daktari bila usajili aripotiwe Baraza la Madaktari Tanganyika, na akijiita mtaalamu wa miwani na macho kuna Baraza la Optometria. Tangazo la uongo lipelekwe Tume ya Ushindani. Sisi tumeanza na TMDA kwa sababu ya chupa.

Na ambaye ameshafanyiwa: ukiona jicho linauma kwenye mwanga, linaona ukungu, au mboni moja haiko duara kama mwenzake, nenda kwa daktari wa macho leo, usisubiri kikao kinachofuata. Kama umekuwa ukitumia matone yao kwa wiki nyingi, usiyakatishe ghafla kivyako, maana uvimbe unaweza kurudi kwa nguvu. Beba chupa, mpe daktari aisome, na umwombe akupime presha ya macho yote mawili.