Fundi wa taa Nakuru: nilitoa LED nikarudishiwa balbu za kawaida, na sai naona barabara

Naandika hii juu watu wengi wameniuliza taa za gari yangu, Probox, nilifanyiwa wapi na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni mtu wa kuuza waru, yaani viazi. Naishi Nakuru, nanunua Molo, napakia magunia nane ya kilo 50 halafu natoka saa saba usiku ndio nikifika soko la Kibuye, Kisumu, nipate wateja wakiwa wanafungua. Kwa hivyo kazi yangu yote ni usiku: Mau Summit na ukungu wake, Londiani Junction, Chepseon, Kericho, unateremka mpaka Awasi, Ahero, umefika. Hiyo barabara naijua kama mlango wa nyumba yangu na bado ilikaribia kuniua mwezi wa nne.

Nilikuwa nakaribia Awasi, kama saa kumi alfajiri, mvua imetoka kunyesha na lami ni nyeusi tii. Lori linakuja, nikadimu, yaani nikashusha taa, naye akadimu, na zile sekunde mbili tatu za kupishana upande wangu sikuona kitu. Lori lilipopita ndio nikaona miwa. Miwa tu, inaning'inia kwa hewa, halafu chini yake chuma cha trela. Ilikuwa trekta ya kubeba miwa, haina taa ya nyuma, haina rifleka, imesimama nusu kwa lami nusu kwa majani. Nilivuta usukani, magunia yakasukuma kiti changu kutoka nyuma, mama watoto alikuwa amelala hapo kando akaamka ameshika dashibodi na mikono miwili. Tulipita bila kugusa, sijui ni kwa nafasi gani. Ahero nilisimama nikakaa kwa gari na sikuongea kwa muda mrefu.

Kilichoniuma sana ni kwamba miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimetumia 4,500 kununua balbu za LED kwa duka moja la spea. Nilikuwa nimeambiwa ni taa ya kumaliza giza. Na ukweli ukiwasha unaona nyeupeeee, hapo karibu na bampa unaweza kuokota sindano. Lakini mbali hakuna kitu, na kila gari ninayopishana nayo inanipigia fulu, zile taa za juu, ikidhani sijadimu. Nilikuwa nakasirikia hao madereva. Sasa najua walikuwa na haki.

Rafiki yangu wa matatu ndiye alinielekeza kwa huyu fundi wa waya. Yuko jua kali ya hapa mjini, hana bango, ana kibanda cha mabati na meza moja, ukifika upande ule uliza tu fundi wa taa. Nilifika saa nane mchana. Kitu cha kwanza hakufungua boneti, aliniuliza, "Mkubwa, hii gari huwa inabeba nini, na inabeba ikienda wapi?" Nikamwambia. Akazunguka akapima upepo wa magurudumu yote, moja ya nyuma ilikuwa chini, akajaza. Mimi nikaona anapoteza wakati. Kumbe gari ikilala upande mmoja hata taa zinalala, huwezi kupima kitu.

Halafu akatoa LED ya kushoto akaniwekea balbu ya kawaida ya H4, ile ya wati 60 kwa 55, ya kulia akaiacha na LED. Akasogeza gari mbele ya ukuta tukawasha dimu. Naomba kila mtu mwenye LED kwa taa za kawaida afanye hii kitu hata leo jioni. Upande wa balbu ya kawaida kulikuwa na mstari, chini ni mwangaza, juu ni giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo. Upande wa LED hakukuwa na mstari, kulikuwa na doa kubwa jeupe limemwagika mpaka juu ya ukuta, pale ambapo macho ya mwenye kuja huwa.

Alinieleza akiwa ameshika balbu kwa kitambaa. Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili, ya fulu na ya dimu, na ile ya dimu chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma kinachoziba mwangaza usipige nusu ya chini ya kioo cha ndani, kile kinachorudisha mwangaza mbele, ndio usirushwe juu. Kile kioo kimechongwa kikijua uzi uko mahali fulani kabisa, hata milimita moja ina maana. LED ni vipande bapa vimebandikwa pande mbili za chuma, havikai pale uzi ulikuwa. Alijaribu kuizungusha mpaka vile vipande vikaangalia kushoto na kulia sawasawa, ikawa nafuu kidogo, lakini mstari haukuja. Na kule kupanda kwa upande wa kushoto ndiko kunamulika kando ya barabara, maana sisi tunaendesha kushoto, huko ndiko kuna watu wa miguu, baiskeli, na hiyo trekta yangu. Hapo ndipo nilielewa kwa nini sikuiona.

Jambo lingine, ile feni ya kupoza LED iliyo nyuma yake ni ndefu, na aliyeniwekea alikuwa amekata ile mpira ya kuziba nyuma ya taa ndio itoshee. Maji na vumbi vilikuwa vinaingia. Ndani ya taa ya kulia kulikuwa na matone nimekuwa nikiyaona kila asubuhi nikidhani ni umande.

Sasa nikamwambia basi niwekee balbu kubwa, zile za wati 100 kwa 90. Akakataa kabisa. Akaenda kwa meza akaniletea soketi ya mteja mwingine, imeyeyuka kama mshumaa, plastiki imekuwa kahawia. Akasema waya za gari na swichi hazikutengenezewa huo moto, na hata kile kioo cha ndani kinaungua kinapoteza mng'ao. Badala yake akachukua multimita, kile kifaa cha kupima volti. Injini ikiwa inanguruma betri ilikuwa inasoma 14.1. Kwa soketi ya taa, taa zikiwa zimewashwa, ilisoma 11.6. Yaani volti mbili na nusu zinapotelea njiani, kwa waya nyembamba za zamani na athi, ule waya wa kurudisha umeme kwa bodi ya gari, iliyoshika kutu. Na balbu ya uzi haipungui kidogo kidogo, ukiipunguzia volti asilimia 10 inapoteza karibu theluthi ya mwangaza. Miaka yote nimekuwa nikilaumu balbu, kumbe ilikuwa na njaa!

Akaweka rilei mbili, zile swichi ndogo za umeme zinazofanya moto wa taa usipitie swichi ya dereva, waya nene moja kwa moja kutoka betri na fyuzi yake, akakwangua athi mpaka chuma kikang'aa. Ukitaka kufanya mwenyewe jua Toyota nyingi za zamani swichi inakata athi, haikati moto, kwa hivyo wairingi ya kununua tayari inaweza kukuchanganya fulu na dimu. Mwachie anayejua. Alipomaliza soketi ilisoma 13.7.

Lenzi zangu zilikuwa za njano kama chai ya maziwa. Nilikuwa nazisugua na dawa ya meno, zinang'aa wiki mbili zinarudi vile vile. Yeye alizungushia masking tepu kulinda rangi ya gari, akaanza na sandpepa namba 800 na maji, akapanda 1500, akamalizia 2000. Yale maji ya kwanza yalitiririka ya njano, mazito, juu ya bampa, na nilisimama hapo nikiangalia nikafikiria usiku wote nimeendesha na hiyo kitu mbele ya taa. Akakausha, akapuliza klia, ile vanishi isiyo na rangi, ya kuzuia jua. Hiyo klia ndiyo dawa ya meno haina, jua ndilo linalokula plastiki, ukiiacha uchi inarudi njano haraka.

Kulenga alisema lazima kuwe na giza na tambarare, na yadi yao ina mteremko. Tukangoja. Saa moja na nusu usiku tukaenda mahali pa sakafu sawa penye ukuta, gari mita 10 kutoka ukutani, mimi nimekaa kwa kiti cha dereva ndio uzito uwe wa kweli. Akapima katikati ya taa mpaka chini kwa tepu, akaweka alama ukutani sentimita 10 chini ya huo urefu, akazungusha skrubu pole pole mpaka mstari ukakaa hapo, moja baada ya nyingine huku nyingine amefunika na koti lake. Halafu akaniambia nirudi siku nikiwa na mzigo. Nilirudi na magunia nane. Nyuma ilikuwa imekaa, pua imeinuka, na ule mstari mzuri ulikuwa umepanda mpaka juu ya alama. Akanionyesha kale kagurudumu ka namba kwa dashibodi ambako sijawahi kugusa tangu ninunue gari, akakazungusha mpaka mstari ukashuka, akaniambia hiyo namba ndiyo ya waru, ukishusha mzigo unarudisha sufuri. Mwenye gari ya mzigo, uliza kama yako inayo. Mimi sikuwa najua.

Nililipa hivi: balbu mbili 1,600, rilei na waya na kazi yake 2,200, lenzi zote mbili 1,500, kulenga hakunitoza, hata ile mara ya pili. Jumla 5,300. Ni mia nane tu juu ya zile LED.

Mabaya yapo pia. Ni mtu wa pole sana, nilitoka hapo karibu saa tatu usiku, na hakuna mahali pa kukaa, utasimama au ukae kwa gari. Simu akiwa na kazi hashiki. Klia ya lenzi ya kulia ilitiririka ikaacha alama kama chozi, nilimwonyesha akasema nirudi akainyooshe, bado sijapata nafasi. Na hana risiti ya maana, ni karatasi ya kuandika na kalamu, kama unahitaji ya ofisi mwambie mapema.

Njiani sasa. Mwangaza si mweupe, ni wa rangi ya asali kidogo, na ukisimama mbele ya gari utasema ni hafifu kuliko ule wa LED. Lakini ukiendesha unafika mbali. Mau Summit kwenye ukungu nikiwa na dimu naona mstari wa kando ya lami, nikipiga fulu ukungu unanirudishia usoni, hiyo hata taa gani itafanya, msijaribu. Na hakuna anayenipigia fulu tena. Wiki iliyopita, pale pale karibu na Awasi, tukipishana na basi nilimwona mtu wa baiskeli na mtungi wa maziwa upande wangu, nikaona mpaka kanyagio zikipanda na kushuka, nikapunguza taratibu nikamwachia nafasi. Mama watoto hakuamka.

Zile LED ziko nyumbani kwa boksi lake. Jirani ananisumbua nimuuzie 2,000, ana Probox kama yangu na hubeba watoto wa shule alfajiri. Nimekataa. Nimemwambia Jumamosi nitampeleka kwa fundi mwenyewe.