Uzoefu wangu na hadithi fupi za Ursula K. Le Guin

Kama Ursula K. Le Guin, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kubuni, umemsoma kwenye riwaya tu, bado hujammaliza. Mimi kitabu chake ninachokirudia kuliko vyote ni Tales from Earthsea, kilichotoka 2001. Kina hadithi tano, zote za Earthsea, visiwa vya kubuni vyenye wachawi alivyoanza kuvisimulia 1964 kwa hadithi mbili fupi katika jarida la Fantastic, kabla riwaya ya kwanza ya visiwa hivyo, A Wizard of Earthsea, haijatoka.

Ninayoipenda zaidi ni “The Bones of the Earth”. Katika riwaya ile ya kwanza, ya 1968, Ogion anatajwa kuwa mchawi aliyetuliza tetemeko la ardhi kisiwani Gont. Anatajwa kwa kupita tu, habari inaendelea. Miaka 33 baadaye mwandishi anarudi pale pale, anatuonyesha siku yenyewe. Kumbe palikuwa na mzee, Dulse, mwalimu wa Ogion, mfuga kuku ambaye mvua ikinyesha mifupa inamuuma. Anahisi mlima unataka kupasuka, na njia ya kuuzuia ni yeye mwenyewe kuingia ndani yake. Uchawi wenyewe alifundishwa na mwanamke, siri aliyoificha maisha yake yote. Sifa zinamwendea kijana. Le Guin halii wala hapigi ngoma. Anamwacha mzee afanye kazi yake. Kila nikifika pale anapoagana na mwanafunzi wake kwa maneno machache, huwa naweka kitabu chini kwanza.

Hapo ndipo anaponishika: uchawi wake ni kazi, inachosha, na mara nyingi anayeifanya hajulikani. Katika “On the High Marsh” mgeni aliye hoi anapokelewa na mwanamke mtengeneza jibini, kwenye nyika yenye kinamasi ambako ng’ombe wanakufa kwa maradhi. Mgeni huyo anakwenda zizi kwa zizi akiwaponya kwa mikono yake. Hakuna majeshi, hakuna taji la kugombaniwa, na bado huwezi kuacha kusoma.

“The Finder” ni ndefu, mwanzo wake unakwenda taratibu. Vumilia, maana ndiyo inayoeleza shule ya wachawi ya Roke ilivyoanzishwa, na nafasi ya wanawake waliokuja kufutwa katika historia yake.

Le Guin mwenyewe alishauri hadithi hizi zisomwe baada ya riwaya nne za kwanza, nami naunga mkono, hasa kwa “Dragonfly”, ambayo bila Tehanu, riwaya ya nne, itakuchanganya. Ukitaka kuonja kwanza, tafuta The Wind’s Twelve Quarters ya 1975. Zile mbili za 1964 zimo. “The Rule of Names”, ya mchawi wa kijijini asiyeweza kazi yake, ni fupi na mwisho wake sikutajii. Imo pia “The Ones Who Walk Away from Omelas”, ya mji wenye raha zote na mtoto mmoja aliyefungiwa chini ya jengo. Hiyo isome siku ambayo una mtu wa kuzungumza naye ukimaliza.