Darasa la Ukomavu wa Kiroho, Makindye: kijitabu hafifu, mwalimu hodari

Kwa majuma kumi na mawili, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, nilihudhuria darasa la ukomavu wa kiroho linaloendeshwa kwa Kiswahili na kanisa moja la upande wa Makindye, jijini Kampala. Kanisa lenyewe sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko nitakayoyaeleza mbele, na wahusika nimekwisha kuyafikisha kwao ana kwa ana. Ada ilikuwa shilingi 40,000 pamoja na kijitabu cha kurasa 64. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa: wengi wao Wakongo wanaoishi Katwe na Nsambya, Wakenya wachache, na Waganda wawili waliojifunza Kiswahili jeshini.

Niseme mapema kwamba kijitabu hakistahili hata nusu ya fedha hizo. Mwandishi wake amechukua ile orodha ya Waraka wa Pili wa Petro, sura ya kwanza, inayoanza na imani ikapanda kupitia wema, maarifa, kiasi, saburi, utauwa na upendano wa ndugu hata kufikia upendo, akaigeuza kuwa ngazi yenye vipimo, na mwisho wa kila sura ameweka jedwali ambamo mwanafunzi hujipa alama kwa kuhudhuria ibada, kuamka alfajiri kuomba na kutoa fungu la kumi. Saburi haina alama hata moja, labda kwa sababu haihesabiki. Isitoshe, maneno magumu hayakufafanuliwa popote. Kijana mmoja kutoka Bunia alisoma sura ya utauwa kwa mashaka makubwa hadi mwalimu alipomweleza kwamba neno hilo ni uchaji wa Mungu, wala halihusiani na kuua. Darasa zima lilicheka, naye akacheka kuliko wote.

Mwalimu ndiye aliyeliokoa darasa. Ni mzee mwenye asili ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, aliyelelewa katika vikundi vya Balokole, yaani “waliookoka”, wafuasi wa uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, na kwa kawaida alikifunga kijitabu baada ya dakika kumi. Juma la tatu alitufungulia Waebrania 5, pale mwandishi anapowalaumu wasomaji wake kwamba kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa waalimu, lakini bado wanahitaji maziwa, kama watoto wachanga. Akatuonyesha kwamba neno la Kigiriki ambalo Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union imeliweka hapo, katika aya ya 14, kuwa “watu wazima” ni lile lile ambalo katika Mathayo 5:48 na Waefeso 4:13 limetafsiriwa kwa “mkamilifu”. Kwangu mimi ninayefundisha lugha, hilo lilikuwa somo tosha kwa kozi nzima. Anayesikia “mkamilifu” humfikiria mtu asiye na kosa, hukata tamaa au hujifanya. Anayesikia “mtu mzima” humfikiria mtu ambaye bado anaweza kukosea, ila sasa anajua kubeba mzigo wake na kuomba radhi bila kusukumwa. Mzee aliendelea na aya hiyo hiyo, akasimama kwa muda mrefu kwenye maneno “kwa kutumiwa”, akisema kwamba akili ya kupambanua mema na mabaya hukomaa kwa kufanyishwa kazi, kama jembe linavyong'aa shambani, wala haikomai kwa kukaa miaka mingi kanisani. Ulinganisho wa jembe ni wake, mimi nimeuazima.

Juma la kumi ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Mzee alitusimulia jinsi Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walivyokutana mwaka 1929 juu ya kilima cha Namirembe, ng'ambo tu ya pale tulipokuwa tumeketi, na jinsi uamsho huo ulivyowaka Gahini nchini Rwanda ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930. Hakukaa sana kwenye nyimbo wala machozi. Alikaa kwenye jambo ambalo majirani wasiosali waliliona kwa macho: walokole walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa. Kisha akatupa kazi ya nyumbani, kila mmoja akatengeneze jambo moja na mtu mmoja kabla ya Jumamosi iliyofuata.

Mimi nilikuwa sijamsalimu jirani yangu kwa miezi saba kwa sababu ya bili ya mita ya maji tunayotumia pamoja, na nilijua vizuri kwamba hesabu iliyokosewa ilikuwa yangu. Nilibisha hodi siku ya Alhamisi jioni nikiwa na shilingi 18,000 mkononi. Alinitazama kwanza, sufuria ikiendelea kuchemka nyuma yake, ndipo akasema, “Mwalimu, nilizani ulishahama.” Fedha alizipokea, akazihesabu, akaniletea kigoda. Jedwali la kijitabu halikuwa na mahali pa kuandika jioni hiyo.

Sasa malalamiko. Kwenye mahafali tulidaiwa shilingi 25,000 za kukodi joho, jambo ambalo halikutajwa wakati wa kujiandikisha, na wanafunzi wanne wasiokuwa nazo hawakuitwa mbele kupokea vyeti, mmoja wao akiwa mama muuza samaki ambaye hakukosa hata Jumamosi moja. Vyeti vyao walipewa baadaye ofisini, ndani ya bahasha. Kanisa linalofundisha upendano wa ndugu kwa majuma kumi na mawili lilipaswa kuliona hilo kabla ya mwanafunzi kulisema, na ninawapa alama ya chini kabisa kwa siku hiyo. Ukumbi nao una paa la mabati lisilo na dari, kwa hiyo mvua ikinyesha mwalimu hasikiki kabisa.

Hata hivyo ningelipa tena, mradi mzee huyo ndiye anayefundisha, na anayetaka kujiunga aulize hilo kwanza. Aende pia na Biblia yake mwenyewe, kwa maana zile za ukumbini ni saba tu, na katika mbili kati ya hizo kurasa za Waebrania zimekwisha kung'oka.